Anza na Mashimo ya Macho

Kichwa alichokuwa akikifinyanga hakikuzidi ukubwa wa haragwe, lakini ukikitazama ungesema huyu jana alilala na njaa, au huyu amezoea kuamrisha. Sanamu nzima ilikuwa na urefu wa kidole cha kati. Miguu na mikono aliimaliza upesi, akiongea na kucheka, kama mtu anayemenya ndizi. Akifika shingoni alinyamaza. Kuanzia hapo ungemsalimia asikuitikie, hata kama ni wewe mfumwa wetu mwenyewe, mtawala wa mlima mzima.

Watu walimwita Mfinyanzi. Wanawake waliofinyanga vyungu kwetu walikuwa wengi, lakini ukisema Mfinyanzi kila mtu alijua ni nani. Mimi nilimwita Mama, na nimemlilia kama mama, ingawa kwa damu hatukuwa na kitu. Jina lake la ubatizo na la ukoo wake nayaacha. Yeye mwenyewe hakuyapa uzito. Alikuwa akisema, "Jina ni la kuitia. Ukitaka kumjua mtu mtazame taya."

Nilikwenda kwake kwa jambo moja tu, na ni heri niliseme mapema. Mwanangu wa kwanza, msichana wetu Naelijwa, alikufa kwa surua kabla hajatimiza miaka mitatu. Mume wangu alikuwa chini Same, kwenye genge la wafanyakazi wa reli, akafika siku mbili baada ya maziko. Picha hatukuwa nayo. Miezi minne baadaye, nikipalilia mahindi, nilitambua kwamba nimesahau masikio yake. Nilisimama na jembe mkononi nikiyatafuta, sikuyapata. Mwezi uliofuata ziliondoka nyusi. Nikaona mtoto huyu anakufa tena, kidogo kidogo, na safari hii anayemwua ni mimi.

Basi nikaenda kwa Mfinyanzi, nikamwambia nataka anifundishe kufinyanga uso. Uso mmoja tu, kabla haujaisha.

"Kwa nini nisikufinyangie mimi?" aliuliza. "Nilimwona mgongoni mwako kila Jumapili."

"Nataka nimtoe mwenyewe, Mama."

"Ukishamtoa kwa vidole, yule wa kichwani hufa. Sikutishi. Wa udongo hukaa kwenye kiti chake, halafu hainuki."

Nilimwambia haidhuru. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na sikuwa nimeelewa hata neno moja.

Aliniita Mama Naelijwa. Hilo nalo niliseme. Baada ya mazishi watu walikuwa wamerudi kuniita mke wa fulani, kwa huruma, ili wasinikumbushe. Yeye peke yake hakuacha.

*

Udongo aliuchukua chini ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, siku lilipofunguliwa na maji yakaisha. Aliuanika, akautwanga, akauchekecha kwa kitambaa kama unga wa mtoto mgonjwa. Vifaa vyake vilikuwa vitatu: mwiba wa mgunga kutoka tambarare, mfupa mwembamba wa bawa la kuku, na ukucha wa kidole gumba cha kulia, ambao hakuukata. Ukucha huo ulimsumbua shambani na jikoni, na wanawake walimtania kwamba anafuga makucha kama chui. Alijibu kuwa chui hajui kutengeneza kope.

Sote tuliojaribu tulianza na pua. Mtu akipewa kibonge cha udongo na kuambiwa afanye uso, hubandika pua kwanza. Mfinyanzi aliipangusa pua yangu ya kwanza kwa kidole bila kusema kitu. Ya pili aliipangusa vilevile. Ya tatu ndipo akasema.

"Pua ni ya kujionyesha. Itakuja yenyewe. Anza na mashimo ya macho."

Miezi miwili nilibonyeza mashimo. Vichwa visivyo na pua, visivyo na midomo, mashimo mawili tu na paji la uso juu yake. Nilivianika kwenye ungo nje ya mlango. Mama mkwe alivitazama siku moja akauliza, "Hawa wote wamekosa nini hata wakakatwa pua?"

Kulikuwa na sharti jingine ambalo hakulilegeza. Kabla ya kuchoma sanamu, lazima uingize mwiba kutoka chini ya shingo hadi katikati ya kichwa, uache tundu. Kichwa kisicho na tundu hupasuka motoni, maana kuna unyevu ndani na hauna pa kutokea. "Kilichozibwa kote hupasuka," alisema. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeeleza jinsi ya kupika makande, akaendelea na kazi. Mimi nilimtazama nikawaza habari zake, nazo nitazieleza.

Nilipoanza kuruhusiwa pua na mdomo, tabu nyingine ikaja. Kila uso nilioufanya, uwe wa mzee au wa kijana, aliugeuzageuza kwenye mwanga wa mlango, akanirudishia.

"Umejifinyanga tena."

"Huyu ni mchunga mbuzi, Mama."

"Ni wewe umevaa ngozi ya mbuzi. Usione haya. Uso pekee ambao vidole vyako vinaujua ni wako, unaunawa kila asubuhi."

*

Hakuwa mtu mpole. Nasema hivyo kwa sababu marehemu husafishwa mno. Alikuwa na ulimi, na jirani aliyeazima mtungi akaurudisha na ufa alitajiwa ufa huo kila walipokutana, hata njiani kwenda msibani. Alichukia uongo katika uso wa udongo kuliko kitu chochote, lakini wasafiri Wazungu waliponunua sanamu zake aliwaambia ni mashujaa wa Kimasai waliomwua simba, na walikuwa wachunga mbuzi wetu wa kawaida. Nilipomwuliza alisema, "Uso ni wa kweli. Hiyo hadithi wameitaka wao."

Aliogopa sana kufanyiwa sura yake. Siku moja nilimfinyanga kwa siri, kwa heshima. Aliipata, akairudisha kwenye ndoo ya maji ikawa matope, akasema hasira yake iishie humo humo. Lakini darini kwake alikuwa na sanamu ya jumbe wetu, mwenye kidevu chake kile kilichorudi nyuma kama kinaogopa, na akiwa na huzuni aliishusha akaitazama akacheka peke yake.

Kanisani hakuruhusiwa kukaribia meza ya Bwana, naye kwa kiburi akakataa kuingia hata mlangoni. Alikaa nje kwenye ukuta wa mawe kando ya makaburi, kila Jumapili, mvua au ukungu, akasikiliza mahubiri kupitia dirishani. Nyimbo alizifuata kwa sauti kuu kuliko waliokuwa ndani. Mzee mmoja wa kanisa alitumwa kumwomba apunguze.

"Mmenitoa mimi," alimjibu. "Sauti hamkuitoa."

Mzee akarudi ndani, na watu waliokuwa karibu na dirisha walicheka kwenye vitabu vyao.

*

Sababu ya kutolewa kwake niliiona kwa macho yangu, nikiwa bado mwari.

Zamani sanamu zake zilikuwa zile za kufundishia wasichana wanaoingia unyagoni, na hizo hazikuwa na uso. Ziliachwa hivyo kwa makusudi, kwa kuwa somo lilikuwa la kila mtu. Halafu bibi wa misheni, Mzungu, akamwomba amtengenezee Krismasi ya udongo: mtoto horini, wazazi wake, wachungaji, na wale watu wenye hekima kutoka mashariki. Akamwambia azipe nyuso za watu. Hakuna aliyewahi kumwomba hivyo. Alijifungia mwezi mzima.

Siku ya sikukuu watu walijipanga kuziona. Vilikuwa vicheko kanisa zima. Wachungaji walikuwa wachungaji wetu hasa, mmoja na jicho lake la makengeza, na mwenyewe alikuwepo akijitazama kwa fahari. Kisha akaletwa bibi mmoja, mzee kuliko wote mlimani, akiwa amebebwa na wajukuu juu ya kiti. Waliinamisha kiti chake aone. Akapita kwa mtoto, akapita kwa wachungaji, akafika kwa mmoja wa wale wenye hekima.  Halafu akasema kwa Kipare, kwa sauti ya kitoto, "Baba. Umekuja lini?"

Watu wakacheka. Yeye akafungua khanga, akatoa kibuyu kidogo cha dengelua, ile pombe yetu ya miwa aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya sikukuu nyumbani, akamwaga matone mbele ya hori, kama tulivyokuwa tukiwafanyia wazee wetu. Vicheko vikaisha. Baba wa bibi yule alikuwa amekufa kabla Mfinyanzi hajazaliwa.

Mzee wa kanisa akamgeukia Mfinyanzi. "Mtu huyu ulimwona wapi?"

Angeweza kusema ni bahati, sura hufanana. Sote tulimngoja aseme hivyo.

"Mpungi," alisema. "Nimemshika."

Mpungi ni msitu mdogo wa ukoo. Zamani, mzee akishazikwa na miaka ikapita, kichwa chake kilitolewa kaburini kwa heshima, kikawekwa katika chungu chini ya jiwe, ndani ya msitu huo, na watu wa ukoo wakaenda kumweleza shida zao. Kazi ya kutunza vyungu ni ya wanaume. Lakini baba yake Mfinyanzi ndiye aliyekuwa mtunzaji, na wanawe wa kiume walikuwa wameondoka, mmoja baada ya mwingine, wakabatizwa huko walikokwenda na hawakutaka kusikia habari za mpungi. Akabaki na binti. Binti alifagia majani, akavipangusa vyungu, akaambiwa huyu ni nani na yule ni nani. Akawajua kwa kidole: paji hili, shavu lile, taya hii. Huko ndiko alikojifunza kwamba uso haukai hewani. Unakaa juu ya mfupa, na mfupa unaanza kwenye mashimo ya macho.

Kumbe alibatizwa, akaolewa kanisani, akafiwa na mume, na wakati wote huo alikuwa akiendelea kwenda. Hakuna aliyejua mpaka mkono wake uliposema.

Kanisa lilimtenga mpaka atakapoonyesha vyungu vyote vilipo vizikwe. Wiki hiyo hiyo wazee wa ukoo wakaja. Hawakuwa wamemjali kabla ya hapo. Walikaa uani kwake wakamwambia, "Sasa tumejua ni wewe. Wewe ndiye unayejua nani ni nani. Ukiondoka mlimani, wote watakuwa mifupa tu." Wakamkataza kuhama. Na baba yake alikuwa amemwapisha hivyo hivyo.

Mtoto wake mmoja alikuwa tarishi katika boma la Mwingereza kule Same. Alimjengea chumba cha bati, akamwekea kitanda. Kila mwaka alipanda kumchukua. Mfinyanzi alifunga mzigo, akatembea naye mpaka kwenye kona ile ambapo njia inatokea upande wa tambarare, unaona reli kama uzi na moshi wa treni. Alisimama pale akatazama. Halafu alimpa mwanawe mkono, akarudi na mzigo wake kichwani.

Nilimwuliza kwa nini afunge mzigo ikiwa anajua atarudi.

"Huenda siku moja miguu ikanipita," alisema. Kisha: "Nimefungwa kamba mbili, Mama Naelijwa, na zote nilizisokota mwenyewe. Ndiyo maana sijui pa kuzifungulia."

*

Mwaka wa pili nilikuwa nafinyanga uso wa mtu yeyote aliyekaa mbele yangu, na ukatambulika. Mwanangu sikumweza. Kila nilipojaribu, alitoka mtoto wa mtu, au nilitoka mimi nikiwa mdogo. Na siku zilikuwa zinaninyang'anya. Nilibaki na kichwa kilichoegemea upande, na sauti.

Sasa naandika jambo ambalo mume wangu alikuja kulijua baada ya miaka mingi. Jumapili moja, watu wakiwa kanisani, nilichukua jembe nikaenda makaburini. Nilikuwa sijamsahau yule mzee wa mpungi, nikawaza kwamba kama mfupa unaweza kumrudisha mtu ambaye hukumwona kabisa, utanirudishia niliyemnyonyesha. Ndani walikuwa wanaimba. Nilisahau kabisa kwamba kuna mtu mmoja mlimani ambaye Jumapili hukaa nje.

"Mama Naelijwa," alisema kutoka ukutani. "Jembe la nini Jumapili?"

"Nimekuja kupalilia."

"Hapo hapana jani. Ulipalilia Alhamisi, nilikuona."

 Alishuka ukutani taratibu, akaja akasimama kati yangu na kaburi.

"Wewe ulimshika yule mzee ukamjua," nilimwambia. "Mimi nimkose mtoto wangu kwa nini?"

"Yule alikuwa mzee, na watoto wake ndio waliomwita atoke. Mtoto hafukuliwi. Hata kabla ya kanisa hakufukuliwa. Mtoto huachwa alale."

"Basi nitamsahau."

Akanipokonya jembe akaliweka chini. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, vidole gumba chini ya macho yangu, akabonyeza mpaka nikaumia. Alifumba macho yake.

"Mfupa wake ulitoka wapi? Ulitoka hapa. Paji hili ni lake, nililiona mgongoni mwako. Mashimo haya ni yake. Shavu silo, hili ni lako peke yako. Shavu na taya ni vya baba yake. Nimekuwa nikikugombeza kwamba unajifinyanga, na nusu ya mtoto ilikuwa humo. Mlete baba yake akae."

Jembe alilichukua yeye. Hakunirudishia mpaka wiki ikapita, na mama mkwe nilimwambia nimeliazimisha.

Mume wangu alipopata likizo akaketi kwenye kigoda cha Mfinyanzi, na kofia yake ya reli magotini.

"Nikae kama mfumwa au kama mtu wa genge?" aliuliza.

"Kaa kama mtu aliyenyamaza, Baba Naelijwa," alisema Mfinyanzi.

Akaniamuru nimshike uso. Nilikuwa nimeishi na mtu huyu miaka mitano na sikuwahi kumgusa uso mchana, seuze mbele ya mtu mwingine. Nilianza na mashimo ya macho, nikashuka. Yeye alitazama juu darini, na nikahisi taya yake ikikaza, kisha ikilegea. Hakutania tena.

Sanamu mbili za kwanza zilipasuka motoni. Kwa haraka yangu sikuwa nimezichoma mwiba shingoni. Ya tatu ilitoka jivuni nzima. Nilimkuta Naelijwa amesimama kiganjani mwangu, na nililia mpaka Mfinyanzi akaniambia nikae upande mwingine nisimlowanishe.

Nilimwonyesha mume wangu jioni ile. Aliitazama kwa muda mrefu. "Amefanana," alisema, akaiweka juu ya meza kama mtu anavyoweka kikombe cha mgeni.

Nilifurahi. Mwaka haukuisha, nikaona jambo. Nikifumba macho kumkumbuka mwanangu, aliyekuja alikuwa na rangi ya udongo uliochomwa, na hakusogea.

*

Baada ya hapo Mfinyanzi aliniomba kitu kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Alitaka nimfuate mpungi nijifunze nani ni nani. "Wewe si wa ukoo," alisema, "lakini una vidole, na mimi nazeeka."

Nilijua maana yake. Atakayejua hataweza kuondoka. Nilimwambia hapana, na mwezi haukupita, mume wangu akapata nyumba ya wafanyakazi wa reli, nikashuka Same. Sikuwa na sababu nyingine. Niliogopa kamba yake. Hakunilaumu. Alinisindikiza mpaka kwenye kona, akanikabidhi mzigo wangu, akasema, "Wewe pita."

Same nilizaa wavulana wawili. Huko hakuna aliyenijua kwa jina la Naelijwa. Nilikuwa Mama Elia. Sanamu niliiweka rafuni, na treni ilipopita ilitikisika kidogo, nami nikaisogeza nyuma isianguke. Mlimani nilipanda mara chache, na kwa Mfinyanzi nilifika mara chache zaidi. Nilikuwa naona haya.

Mwaka wa saba yule tarishi alinipitia sokoni. Alikuwa amerudi kutoka juu peke yake kama kawaida. "Safari hii hata mzigo hakufunga," aliniambia. "Hali chakula. Anakuulizia."

Nilipanda kesho yake. Nilimkuta amelala kitandani mchana, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Macho yalikuwa yameingia ukungu. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umekatika.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mama Naelijwa," alisema, bila kuuliza ni nani.

Jirani aliyekuwa akimwangalia alinionyesha bakuli la uji lililokuwa na utando juu. Kisha akatuacha.

Mfinyanzi alinieleza polepole. Kabla ya mvua za vuli tawi lilianguka mpungi likasukuma vyungu viwili. Alikwenda kuvitengeneza. Alivitoa vichwa vyote viwili ili atoe majani, akaviweka magotini, na alipotaka kuvirudisha hakujua kipi ni cha nani.

"Nilivishika tangu asubuhi mpaka jua likawa la jioni," alisema. "Vidole vilinyamaza. Nikavirudisha hivyo hivyo. Sasa nawaza, huenda hata zamani sikujua. Yule bibi alikuwa mzee sana. Mtu mzee sana humwita baba mtu yeyote. Kama sikujua, basi nimekaa nje ya kanisa kwa nini? Mwanangu kitanda chake kimekaa kitupu miaka yote hii kwa nini?"

 Akaniambia niingize mkono chini ya kitanda. Palikuwa na chungu kidogo, na ndani yake kitu kilichoviringishwa kwenye jani kavu la mgomba.

"Nilimfinyanga wiki ile aliyokufa," alisema. "Kabla hujaja. Ulipokataa nikufanyie, nikamficha. Nilisema huyu mama asipewe wa mkono wangu akamwua wa kichwani mwake. Sasa mfungue. Wewe ndiye uliyemzaa. Ukiniambia ndiye, nitajua mkono wangu haukunidanganya, na wale wengine niliwajua."

Nilikwenda nacho mlangoni penye mwanga. Nikafungua jani.

Alikuwa mtoto wa kike amesimama, kichwa kimeegemea kushoto, mdomo wazi kidogo kama mtu anayesikiliza. Sikio moja lilitokeza zaidi ya jingine. Sijaona kazi nzuri kama ile, hata kwake. Nilimtazama mashimo ya macho, nikamtazama paji, nikashuka mpaka kwenye taya. Nilimngoja aje.

Hakuja. Alikuwa mtoto wa watu.

Mfinyanzi alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto. Alinifundisha kwa miaka mitatu na sikuwahi kumdanganya, maana uongo wa uso aliuona na uongo wa mdomo aliusikia.

"Ndiye, Mama," nilisema.

Alitega sikio, kama alivyokuwa akigonga chungu kipya kwa kidole asikie kama kina ufa.

"Ndiye?"

"Ndiye. Hata sikio."

Kichwa kikarudi kwenye mto. "Basi niliwajua," alisema. Kisha akaomba uji. Niliupasha moto, akanywa bakuli lote, akalalamika kwamba hauna sukari. Nilipoaga aliniambia nimchukue mtoto wangu. Nilimkumbusha kwamba nitapita kwenye kona peke yangu safari hii. Akasema naijua njia, sina haja ya kusindikizwa.

Nilishuka na uongo wangu na mtoto nisiyemjua. Same nilimweka juu ya meza wakati nafungua mzigo, nikaingia ndani kuchukua maji. Mume wangu alitoka zamu, nikasikia hatua zake mlangoni, halafu nikasikia zimesimama. Nilipotoka alikuwa hajavuka kizingiti. Mikono ilikuwa na grisi, ameiweka mbali na nguo.

"Nani amekupa Naelijwa?" aliuliza.

 Alichuchumaa palepale, macho yake yakawa sawa na meza, kama alivyokuwa akichuchumaa uani kila alipopanda likizo, mtoto akimjia. Hakumgusa kwa sababu ya grisi.

"Ndivyo alivyokuwa akinisikiliza," alisema. "Na mdomo wake huo."

Yule niliyemfinyanga mimi alikuwa rafuni juu ya kichwa chake, amekaa hapo miaka, na hakuinua macho kumtazama.

Mfinyanzi alikufa kabla ya masika kwisha. Walimzika nje ya ukuta wa kanisa, upande ule aliokuwa akikaa. Nilichelewa kufika. Nilikuwa nimepanga kukiri kwamba nilimdanganya, na nikakuta sina la kukiri, nilikuwa nimemwambia kweli.

Wa kwangu nimemrudisha kwenye ndoo ya maji, lakini udongo uliokwisha kuchomwa hauyeyuki, amelala tu chini akitazama juu. Wa Mfinyanzi yuko mezani. Kila siku treni ya asubuhi ikishapita na watoto wakienda shule, namchukua, naweka kidole gumba kwenye mashimo ya macho, naanza hapo, najaribu kumjua.